Uchovu wa Kazi Baada ya Korona: Tumepima Nini, Tumejifunza Nini?

Tangu mwaka 2011 madaktari wa Marekani wamekuwa wakiulizwa maswali yaleyale kuhusu uchovu wa kazi kila baada ya miaka michache. Mwaka ule wa kwanza asilimia 45.5 walikutwa na angalau dalili moja kubwa ya uchovu sugu. Mwaka 2014 wakafika asilimia 54.4, na mwaka 2017 wakashuka hadi 43.9. Dodoso lililofuata lilitumwa mwishoni mwa 2020, hospitali zikiwa zimefurika wagonjwa wa UVIKO-19 na chanjo ndiyo kwanza zinaanza kutolewa. Mtu yeyote angetabiri kwamba safari hii takwimu zingepaa. Zilishuka hadi asilimia 38.2, kiwango cha chini kuliko vyote vilivyotangulia. Mwaka mmoja baadaye zikaruka hadi 62.8, kiwango ambacho hakikuwahi kufikiwa. Kufikia 2023 zilikuwa zimerudi 45.2, karibu palepale zilipoanzia.

Takwimu hizi, zinazokusanywa na Tait Shanafelt wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake, zinamsumbua anayetafuta jibu jepesi. Kama uchovu sugu unaletwa na wingi wa kazi peke yake, ulipunguaje wakati kazi imezidi? Na kama unaletwa na udhaifu wa mtu, je, madaktari hao walikuwa imara mwaka 2020, wakalegea 2021, kisha wakaimarika tena 2023?

Uchovu wa kazi ulikuwa umeandikiwa vitabu na makala kwa karibu nusu karne kabla ya Korona. Janga lilichofanya ni kuongeza data kwa wingi ambao haujawahi kuonekana, nyingi yake ya ubora wa kutiliwa shaka. Hata hivyo, ndani ya lundo hilo umo ushahidi unaoelekea upande mmoja: uchovu huu hufuata namna kazi ilivyopangwa, na kumpima mfanyakazi bila kuipima kazi yake ni kazi nusu.

Kipimo kilichokuwa na kasoro tangu mwanzo

Herbert Freudenberger, mwanasaikolojia wa New York, ndiye anayetajwa kuwa miongoni mwa wa kwanza kulieleza jambo hili kitaalamu, mwaka 1974. Alikuwa akijitolea katika kliniki ya bure iliyohudumia vijana wengi wenye matatizo ya dawa za kulevya, akaona wahudumu walioanza na ari kubwa wakigeuka kuwa watu wakali, waliokata tamaa, wasiojali. Miaka michache baadaye Christina Maslach, wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, alilipa jambo hilo umbo la kisayansi. Mwaka 1981 yeye na Susan Jackson walichapisha dodoso la maswali 22 linalopima mambo matatu: kuishiwa nguvu za kihisia, kuanza kuwaona wateja au wagonjwa kama vitu, na kuona kwamba kazi yako haina matunda. Mpaka leo dodoso hilo ndilo linalotumika kuliko mengine yote.

Shida ipo kwenye kukata mstari kati ya mzima na aliyechoka. Sehemu ya kuishiwa nguvu ina maswali tisa. Kila jibu hupewa alama kuanzia 0, yaani hainitokei kabisa, hadi 6, yaani hunitokea kila siku. Alama 3 ni mara chache kwa mwezi. Katika tafiti nyingi za madaktari wa Marekani, aliyefikisha alama 27 kati ya 54 huhesabiwa kuwa na uchovu sugu. Sasa piga hesabu: anayejibu "mara chache kwa mwezi" kwenye maswali yote tisa amepata 27 kamili. Ameshaingia kwenye takwimu, hata kama anawapenda wagonjwa wake na anajivunia kazi yake. Mtafiti mwingine anayetaka dalili zote tatu zionekane kwa pamoja atamwacha nje. Majibu ni yaleyale, mtu ni yuleyule, ila katika makala moja ni mgonjwa wa uchovu na katika nyingine ni mzima wa afya.

Ukubwa wa tatizo hili ulianikwa mwaka 2018, miaka miwili kabla ya janga. Lisa Rotenstein na wenzake walipitia tafiti 182 kuhusu madaktari, kutoka nchi 45, wakakuta njia zisizopungua 142 za kuamua nani ana uchovu sugu. Viwango vilivyoripotiwa vilianzia asilimia 0 hadi 80.5. Mwezi Mei 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) nalo likaliingiza jambo hili katika toleo la 11 la orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, likisisitiza kwamba ni hali inayotokana na kazi na wala si ugonjwa. Kabla mwaka haujaisha, tarehe 11 Machi 2020, shirika hilohilo likatangaza kwamba Korona ni janga la dunia. Taaluma iliingia kwenye mtihani wake mkubwa kuliko yote ikiwa bado inabishana kuhusu rula ya kupimia.

Gharika ya madodoso

Wachina walikuwa wa kwanza. Kati ya tarehe 29 Januari na 3 Februari 2020, watafiti waliwauliza wahudumu wa afya 1,257 katika hospitali 34 kuhusu hali yao ya akili. Karibu nusu walikuwa na dalili za sonona, na zaidi ya theluthi mbili walikuwa na mfadhaiko. Makala ilitoka mwezi Machi, na kuanzia hapo mtindo ukaenea dunia nzima. Kiungo cha dodoso kilirushwa kwenye magrupu ya WhatsApp ya manesi na madaktari, majibu yakakusanywa kwa wiki chache, makala ikapelekwa jaridani.

Kwa wakati ule ilikuwa njia pekee iliyowezekana, na haraka hiyo ilisaidia: serikali na mabaraza ya hospitali yalipata onyo mapema. Lakini madhaifu yake yalikuwa wazi. Hakuna aliyejua waliojibu walikuwa tofauti kiasi gani na walionyamaza. Aliyechoka kupindukia huenda asiguse dodoso kabisa, na mwenye dukuduku anaweza kuwa wa kwanza kulijaza. Sehemu nyingi hazikuwa na takwimu za kabla ya janga, kwa hiyo haikuwezekana kusema uchovu uliopimwa Aprili 2020 uliletwa na Korona au ulikuwepo siku zote. Na kwa kuwa watu waliulizwa mara moja tu, haikujulikana nani alipona na nani aliacha kazi.

Linganisha na utafiti mmoja uliotangulia. Baada ya ugonjwa wa SARS kuikumba Toronto, Kanada, mwaka 2003, Robert Maunder na wenzake waliwafuata wahudumu 769 katika hospitali 13, miezi 13 hadi 26 baada ya mlipuko. Hospitali tisa zilikuwa za Toronto, zilizotibu wagonjwa wa SARS, na nne za mji jirani wa Hamilton, ambazo hazikuwapokea. Uchovu sugu ulikutwa zaidi Toronto, na kwa kuwa kulikuwa na kundi la kulinganisha, hitimisho lilikuwa na miguu ya kusimamia. Korona iliifuta Hamilton. Ilifika kila mahali, na watafiti wakabaki bila watu ambao hawakuguswa.

Ndiyo maana hata mapitio makubwa yalipishana. Mwaka 2021 Petros Galanis na wenzake walikusanya tafiti 16 zenye karibu wauguzi 19,000, wakakuta asilimia 34.1 wakiwa wameishiwa nguvu za kihisia. Mapitio mengine ya mwaka huohuo, yaliyojumuisha wahudumu wa afya wa kada mbalimbali, yakapata kiwango cha jumla cha asilimia 52. Ukisoma tarakimu za Galanis kwa ndani, kuna jambo linalofundisha kuliko jumla yenyewe: waliofikia hatua ya kuwaona wagonjwa kama vitu walikuwa asilimia 12.6 tu. Manesi walikuwa wamechoka, ila wengi wao hawakuwa wameacha kujali.

Fumbo la mstari wa mbele

Turudi kwenye swali la 2020. Wuhan, mji ambako janga lilianzia, ulitoa dokezo mapema. Watafiti waliwalinganisha madaktari na wauguzi wa saratani waliopelekwa kuhudumia wagonjwa wa Korona na wenzao waliobaki kwenye wodi zao za kawaida. Waliojibu walikuwa 190. Kwenye wodi za kawaida uchovu sugu ulikuwa asilimia 39. Kwa waliokuwa mstari wa mbele, waliovaa mavazi ya kinga kwa zamu nzima na kukabiliana na virusi ana kwa ana, ulikuwa asilimia 13.

Sampuli hiyo ni ndogo, na haiwezi peke yake kubeba nadharia. Lakini inaoana na kushuka kwa takwimu za Marekani mwaka 2020, na inaoana pia na jambo ambalo Maslach na Michael Leiter walikuwa wakilisema tangu miaka ya 1990: kwamba mzigo wa kazi ni eneo moja tu kati ya sita. Mengine ni uwezo wa kuamua mambo ya kazi yako, malipo na kuthaminiwa, mahusiano na wenzako, haki, na kulingana kwa kazi na maadili unayoyaamini. Aliyekuwa mstari wa mbele alibeba mzigo mzito, lakini alijua kwa nini anaubeba, alikuwa na timu, na taarifa zilimfikia kwanza. Aliyebaki nyuma alisubiri, akihofia, bila kuwa na sauti juu ya lolote.

Mambo yalipogeuka mwaka 2021, yaligeukia kwenye maeneo hayohayo. Uingereza inatupa mfano ulio wazi. Kuanzia tarehe 26 Machi 2020, kila Alhamisi saa mbili usiku, wananchi walitoka milangoni kuwapigia makofi wahudumu wa afya. Makofi hayo yalikoma mwishoni mwa Mei. Machi 2021 serikali ikapendekeza nyongeza ya mshahara ya asilimia 1. Desemba 2022 wauguzi wakagoma, mgomo mkubwa kuliko wowote katika historia ya chama chao cha zaidi ya miaka 100. Marekani nako, dodoso la mwisho wa 2021 liliwakuta madaktari katikati ya wimbi la omikroni, wodi zina upungufu wa watu, wengi wa wagonjwa waliozidiwa wakiwa ni watu waliokuwa na nafasi ya kuchanjwa na hawakuchanjwa, na sehemu ya umma uliowaita mashujaa sasa ikiwatukana. Mzigo wa virusi haukuwa mpya. Kilichokuwa kimepungua ni maana, heshima na imani kwamba mwajiri na jamii wako upande wako.

Hapo ndipo dhana nyingine ilipopata nguvu: jeraha la dhamiri. Daktari wa akili Jonathan Shay aliitumia kwa askari wa Marekani waliotoka vita vya Vietnam, na mwaka 2018 madaktari Simon Talbot na Wendy Dean waliihamishia hospitalini. Hoja yao ilikuwa kwamba anayelazimishwa na mfumo kutoa huduma ambayo anajua si sahihi hajachoka tu, ameumizwa. Janga liliitoa hoja hiyo kwenye kurasa za maoni na kuipeleka kwenye mwongozo wa kazi: Machi 2020 Neil Greenberg na wenzake waliandika katika jarida la kitabibu la BMJ wakizitahadharisha hospitali kuwaandaa watumishi kwa maamuzi ya nani apewe mashine ya kupumulia na nani aikose. Tofauti hii ina uzito wa kivitendo. Aliyechoka hupumzishwa kwa likizo. Aliyejeruhiwa dhamiri anataka mfumo uliomjeruhi urekebishwe, na likizo ikimalizika anarudi kwenye jeraha lilelile.

Nje ya kuta za hospitali

Utafiti wa uchovu ulizaliwa miongoni mwa wahudumu wa jamii, na kwa miaka mingi ulibaki huko na kwa walimu. Janga liliusukuma nje zaidi. Februari 2021 Jeremy Bailenson wa Stanford alichapisha makala kuhusu uchovu wa mikutano ya Zoom, akitaja sababu nne: macho ya watu wengi yanayokukodolea kwa karibu, kujitazama mwenyewe muda wote, kukaa sehemu moja bila kusogea, na akili kufanya kazi ya ziada kusoma ishara ambazo ana kwa ana huzisomi kwa jitihada. Utafiti uliofuata wa kikundi chake uliwakuta wanawake wakichoka zaidi ya wanaume.

Nyumbani nako kukawa mahali pa kazi, na wazazi wakaingia kwenye data. Isabelle Roskam na Moïra Mikolajczak wa Ubelgiji walichapisha mwaka 2021 ulinganisho wa wazazi 17,409 katika nchi 42, zikiwemo Rwanda na Burundi. Data yao ilikuwa imekusanywa kabla ya Korona, lakini ilitoka wakati mwafaka. Uchovu wa malezi ulikuwa mkubwa zaidi katika jamii ambako kila mtu anajitegemea, na mdogo zaidi ambako mtoto analelewa na wengi. Karantini, kwa kuwatenga wazazi na bibi, shangazi na majirani, iliwaonjesha hata watu wa jamii zetu malezi ya peke yako.

Wakati huohuo ugomvi wa zamani ulipamba moto: je, uchovu sugu ni kitu tofauti na sonona? Renzo Bianchi na Irvin Schonfeld walichambua sampuli 14 na kuhitimisha, mwaka 2021, kwamba kuishiwa nguvu kunashikamana na dalili za sonona kuliko kunavyoshikamana na sehemu nyingine za uchovu wenyewe. Wapinzani wao wanasema ukikiita sonona, mwajiri atanawa mikono na kumpeleka mfanyakazi kwa daktari. Woga huo una msingi, lakini haufuti data. Mtu anaweza kuwa na sonona iliyoletwa na kazi, akahitaji tiba yeye na marekebisho kazini kwake.

Yoga au ratiba?

Waajiri wengi walijibu janga kwa semina za kujituliza, programu za simu za kutafakari na mafunzo ya ustahimilivu. William Fleming wa Oxford alichambua majibu ya wafanyakazi 46,336 katika taasisi 233 za Uingereza, yaliyokusanywa 2017 na 2018, akachapisha mwaka 2024 kwamba walioshiriki huduma hizo hawakuwa na hali bora kuliko wenzao wasioshiriki. Shughuli za kujitolea ndizo pekee zilizoonyesha dalili ya kusaidia. Fleming hakuwa wa kwanza kupata jibu hilo: mapitio ya Maria Panagioti ya mwaka 2017 yalishaonyesha kwamba kwa madaktari, mabadiliko ya taasisi yalipunguza uchovu kuliko mafunzo ya mtu mmojammoja.

Kilichokuwa kipya baada ya janga ni ujasiri wa kujaribu. Kuanzia Juni hadi Desemba 2022, kampuni 61 za Uingereza zenye wafanyakazi karibu 2,900 zilijaribu wiki ya siku nne bila kupunguza mshahara. Asilimia 71 ya wafanyakazi waliripoti uchovu sugu kupungua, na kampuni 56 zikaendelea na mpango huo. Lazima ikumbukwe kwamba kampuni hizo zilijiandikisha zenyewe, kwa hiyo matokeo yake hayawezi kuhamishwa moja kwa moja kwenda kiwandani au wodini. Septemba 2022 WHO nayo ikatoa miongozo ya afya ya akili kazini, na miongoni mwa mapendekezo yake ni kurekebisha mazingira ya kazi na kuwafundisha mameneja, badala ya kumwachia mfanyakazi ajitafutie nafuu.

Kwetu je?

Afrika Mashariki haikukosa kabisa kwenye utafiti huu, ingawa tulikuwa pembeni. Mwaka 2021 jarida la BMJ Open lilichapisha utafiti wa hospitali tatu za Kenya: kati ya wahudumu 433, karibu asilimia 46 walikuwa na uchovu sugu na zaidi ya nusu walikuwa na dalili za sonona. Patience Afulani na wenzake, waliochunguza Ghana na Kenya, walipata jambo lenye manufaa zaidi kuliko asilimia hizo. Uchovu ulihusiana na kiwango ambacho mhudumu aliona kituo chake kimejiandaa: vifaa kinga vipo au havipo, mafunzo yametolewa au hayajatolewa.

Tanzania iliacha kutoa takwimu za maambukizi mwezi Mei 2020 na kurejea mwaka uliofuata, na kwa kipindi hicho mtafiti aliyetaka kuhusisha uchovu wa manesi na ukubwa wa wimbi hakuwa na cha kulinganishia.

Lakini tatizo kubwa zaidi ni kwamba vipimo tunavyoazima vilitungwa kwa mtu mwenye mwajiri, mkataba na mshahara unaoingia mwisho wa mwezi. Desemba 2020 madaktari wa Kenya waligoma, na miongoni mwa yaliyowachoma ni kifo cha mwenzao wa miaka 28 aliyefariki kwa Korona huku, kwa maelezo ya chama chao, akiwa amekaa miezi bila mshahara wala bima. Dodoso gani kati ya yale ya kigeni linauliza mshahara wako umechelewa miezi mingapi? WHO ilikadiria kwamba kanda yake ya Afrika ilikuwa na wahudumu wa afya 1.55 kwa kila watu 1,000, wakati kiwango kilichopendekezwa ni 4.45. Katika hali hiyo, nesi mmoja kubeba wodi nzima usiku ni ratiba ya kawaida, na wala hakuna anayeiita dharura. Nje ya sekta rasmi, ambako wapo wengi wetu, mama lishe na bodaboda waliofungiwa na amri ya kutotoka nje hawakuonekana sana kwenye tafiti hizi. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, waliozunguka nyumba kwa nyumba wakati wa janga, wengi wao walifanya hivyo kwa posho ndogo au bure. Waswahili husema afe punda, mzigo ufike. Huo umekuwa msimamo wa waajiri wetu wengi, na janga halikuubadilisha.

Kwa hiyo somo la miaka ile halimo kwenye asilimia 38.2 wala 62.8. Limo kwenye sababu za tarakimu hizo kupanda na kushuka, na sababu hizo zinapimika: idadi ya wagonjwa kwa kila nesi, siku za kuchelewa kwa mshahara, zamu zinazobadilishwa bila taarifa, barakoa zilizopo stoo, na nani anayeulizwa kabla uamuzi haujatolewa. Wizara, chama cha wafanyakazi au bodi ya hospitali inayotaka kujua kama watu wake watahimili janga lijalo haihitaji kusubiri dodoso jipya kutoka ng'ambo. Takwimu hizo ziko kwenye daftari la zamu, kwenye leja ya stoo na kwa mhasibu. Zikusanywe sasa, wakati hakuna janga, ziwekwe kando ya majibu ya wafanyakazi wenyewe. Bila msingi huo, gonjwa jingine likija tutahesabu waliochoka kwa mara nyingine, na hatutakuwa na la kumwambia aliyewachosha.